Kipande Alichochagua Massoudi

Mtoto wa Bella aliishi siku tisa. Alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia tatu, mwezi wa Agosti mwaka 2002, katika kliniki ya kujifungulia iliyokuwa mwendo mfupi kutoka soko la Jabe. Siku zote tisa alilala ndani ya kuvezi, lile sanduku la kioo linalowatunzia joto watoto ambao miili yao bado haijajua kujipasha. Jumanne asubuhi muuguzi Mwanvua alifungua kidirisha ili ambadilishe nepi, akamgusa mguu, akakuta baridi. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Feni ilikuwa inazunguka. Kilichokuwa kimelala ni kipasha joto tu, na kengele haikulia. Mwanvua alimtoa mtoto akamlaza kifuani pa mama yake, wakamfunika kwa kila kitambaa walichokipata, lakini jioni alikata roho.

Kuvezi hiyo ilikuwa imeharibika na kutengenezwa mwezi wa Julai, na aliyeitengeneza ni Léoncie.

Léoncie alikuwa na miaka ishirini na sita, ana diploma yake ya A2, ile ya sekondari ya ufundi, katika elektroniki, anaishi Musaga na mama yake mzazi. Atelye ya kliniki, karakana yao, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko la kuchemshia vifaa, na mafundi wake walikuwa wawili tu: yeye na Mzee Massoudi. Massoudi alikuwa amepita miaka hamsini. Ujanani alitengeneza redio za meli bandarini, na watu wa mjini walisema hakuna chombo chenye waya kilichowahi kumshinda. Mwaka 1995, mtaa wake wa Bwiza ulipochafuka kwa vita, alivuka mpaka akakimbilia Uvira na mke na watoto wanne, na aliporudi alikuta nyumba yake haina paa wala milango. Kliniki ilimpa kazi, ikampa na nyumba ndogo Mutanga Nord, katika kiwanja cha kliniki yenyewe. Ilikuwa nyumba ya kazi. Aliyefanya kazi alikaa, aliyeacha kazi alitoka.

Massoudi alimpenda Léoncie kama binti yake, na hilo hakulificha. Alimfundisha yale ambayo shule haikumfundisha, hasa jinsi ya kutumia osiloskopu, kile chombo kinachochora kwenye kioo namna umeme unavyopanda na kushuka. Atelye ilikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya zamani. Ya pili ilikuja na msaada kutoka ng'ambo, ina sehemu ya kuingiza disketi na printa ndogo ya karatasi ya kuviringisha. Siku walipoitoa kwenye katoni, Massoudi alimkalisha Léoncie mbele ya zote mbili.

"Angalia hii muzee ya zamani," alisema. "Kumbukumbu yake ni nukta elfu moja, basi. Ukiiomba sekunde kumi, inatawanya zile nukta elfu mu sekunde kumi. Kila moja iko mbali na mwenzake. Halafu we unasimamisha picha, unaikuza, unafikiri utaona ndani. Utaona nini?"

"Nukta mbili na mustari katikati," alijibu Léoncie.

"Na ule mustari nani aliuona? Hakuna mutu. Mashine imeuchora tu. Kitu ikipita pale katikati haraka haraka, haikukamatwa, na kukuza hakuwezi kuileta. Ni sawa na wavu wa macho makubwa, ndagala zote zinapita." Akageukia ile mpya. "Lakini hii iko na nukta laki moja. Na tena haikamati tu kile unaona kwenye kioo. Inajaza kumbukumbu yake yote. We unasimamisha, halafu unakuza, unapunguza, unatembea kushoto, unatembea kulia, yote iko mule. Kioo ni dirisha, mwanangu. Nyumba ni kubwa kuliko dirisha."

Kisha akaweka kidole juu ya kitufe cha kuanzisha, bila kukibonyeza.

"Na hiki, usikiguse kabla haujaweka kazi yako kwenye disketi. Ukikigusa, inaanza kukamata upya, ya kwanza imekwisha. Haiko na mbili. Hata ulie namna gani, hairudi."

Mtoto alipokufa, Daktari Namegabe, mwenye kliniki, aliwaita mafundi wote wawili. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya chini hata akiwa na hasira. Aliuliza swali moja: kwa nini? Léoncie alisema hajui bado. Kadi aliyoitengeneza, ile inayoamuru kipasha joto, ilikuwa imefanya kazi wiki nne bila neno. Aliomba apewe kuvezi hiyo kwa siku chache. Kuvezi ya pili ya kliniki ilikuwa mpya na ina betri yake ndani, kwa hiyo wodi ingeweza kungoja kidogo.

"Wacha, mwanangu," Massoudi alimwambia walipotoka. "Kadi imechoka. Badilisha kadi, tumalize."

"Nikibadilisha bila kujua, ikiua tena nitasema nini?"

Massoudi alitangulia kwenda atelye bila kugeuka. Léoncie alidhani ni majonzi.

Aliiweka kuvezi tupu juu ya meza ya atelye, akaiwasha, akaunganisha osiloskopu mpya sehemu mbili. Waya mmoja, kupitia transfoma ndogo, ulitazama umeme unaotoka ukutani. Wa pili ulitazama umeme mdogo unaolisha kadi. Akaiamuru mashine ingoje. Umeme wa kadi ukianguka tu, ikamate mara moja tu kisha isimame, na iweke sekunde nane za kabla na sekunde mbili za baada. Sekunde kumi kwa nukta laki moja. Alipiga hesabu: nukta elfu kumi kwa kila sekunde. Hapo hata jambo la kupepesa jicho lisingepita.

Jumatano haikukamata kitu. Alhamisi pia. Ijumaa, saa nne asubuhi, umeme wa mji ulikatika kama kawaida ya kiangazi kile, jenereta ya kliniki ikanguruma, na kuvezi ikaendelea vizuri. Ilipofika saa tano na robo umeme wa mji ulirudi. Kwenye ukuta wa korido, ndani ya sanduku la inverseri, ile inayohamisha kliniki kutoka kwenye jenereta na kuirudisha kwenye laini ya mji, kulisikika mlio wa chuma: tak, tak-tak-tak. Mezani kwa Léoncie mashine ikalia mara moja, picha ikasimama.

Aligusa kipasha joto cha kuvezi. Kilikuwa kinapoa. Taa ya kijani inawaka, feni inazunguka. Ilikuwa ni ile ile ya Jumanne.

Akakaa mbele ya kioo, na kwa dakika kumi hakusikia kitu kingine. Kwanza alitazama sekunde zote kumi. Mstari wa juu, wa umeme wa ukutani, ulikuwa utepe mnene uliojaa, kisha ukakatika, ukarudi, ukakatika. Akazungusha kitufe, akakuza. Utepe ukafunguka, akayaona mawimbi moja moja. Akatembea kushoto, akahesabu. Katika muda usiofika sekunde mbili umeme wa mji ulikuwa umeingia mara tano na kutoka mara nne. Mara ya tano ulitulia, lakini kadi ilikuwa imeishiwa nguvu kidogo kidogo kila ulipokatika, na hapo ndipo ilipoanguka. Ilipoamka iliwasha taa, ikawasha feni, ikasahau joto.

Kadi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya inverseri, katika kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku iliyotakiwa kushika mara moja na kutulia.

"Mzee!" aliita. "Mzee, kuja uone!"

Massoudi alikuja akijifuta mikono. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama huku Léoncie akimwonyesha: hapa inaingia, hapa inatoka, hapa tena. Alitazama muda mrefu.

"Nani mwengine ameona?"

"Mi na we tu. Mzee, ni kontakta. Labda imeingia vumbi. Si kosa ya mutu, tutaifungua tuisafishe. Lakini Dokta aione kwanza hivi hivi."

"Ndiyo, aione." Massoudi alifungua kifuniko cha printa, akakifunga. "Karatasi imekwisha. Na ile disketi ya hapa imekufa juzi. Nenda mara moja sokoni ununue mupya. Mi nabaki hapa, mutu asiguse."

Léoncie alikwenda, karibu akikimbia. Tangu Jumanne alikuwa amebeba jiwe kifuani, na sasa jiwe lilikuwa limeshuka. Muuza disketi alikuwa amefunga duka kwenda kuswali, na Léoncie akamngoja. Aliporudi Massoudi hakuwepo, na kioo cha osiloskopu kilikuwa cheusi, chenye maneno madogo tu pembeni: inangoja.

Alibaki amesimama na disketi mkononi.

Massoudi aliingia baada ya muda na kikombe cha chai. Léoncie alipomuuliza alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Umeme umecheza tena, mwanangu. Mashine imekamata nyingine juu ya ile. Haukuiweka ya mara moja. Uliiacha ile ya kurudia rudia."

"Niliiweka ya mara moja."

"Ulikuwa umechoka. Siku tatu haujalala vizuri. Inatokea."

Na Léoncie aliamini. Kwa nini asiamini? Aliyesema alikuwa mwalimu wake. Jumamosi na Jumapili nzima alijilaumu, akajaribu kukumbuka kidole chake kilibonyeza nini Jumatano ile, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozidi kutokuwa na uhakika. Mama yake alimwona hali chakula. Léoncie alimwambia tu kwamba amepoteza kitu cha kazi.

Jumatatu asubuhi Daktari Namegabe alimwita. Massoudi alikuwa ameshakaa humo ndani, kofia yake ya kufuma juu ya goti. Juu ya meza palikuwa na kipande cha karatasi ya printa, na pembeni yake barua.

"Soma," alisema daktari.

Léoncie alitazama karatasi kwanza. Ilikuwa picha ya osiloskopu. Mstari wa juu, umeme wa ukutani, ulikuwa na mawimbi mawili mazuri, laini, hayana doa. Mstari wa chini, umeme wa kadi, ulikuwa unateremka na kufa.

"Mi si mutu wa umeme," daktari alisema, "lakini Mzee amenielezea. Umeme unaingia muzuri. Kadi inaanguka yenyewe. Kadi yako."

"Dokta, hii siyo yote. Kulikuwa na nyingine mbele yake, umeme ulikatika mara nne."

"Iko wapi?"

"Ilifutika."

Daktari alimgeukia Massoudi. Massoudi alikuwa anatazama kofia yake.

"Mi nimemwambia Dokta kile mashine imeonyesha," alisema polepole. "Hata mi naumia. Ni mutoto yangu huyu. Lakini mutu amekufa."

Barua ilisema kwamba kuanzia siku hiyo kliniki haimhitaji tena. Daktari alimpa barua na nakala ya ile karatasi, aliyoitoa kwenye fotokopi asubuhi hiyo, ili asije akasema amefukuzwa bila sababu. Léoncie alitoka bila hata kuchukua koti lake la kazi.

Getini alikutana na Bella. Alikuwa amekuja kuchukua cheti cha kifo, amejifunga kitenge kifuani kwa namna ya mwanamke ambaye maziwa bado yanamtoka. Daktari alikuwa ameshamweleza. Alimsimamisha Léoncie kwa mkono.

"Ni we fundi? Ni we mwenye alitengeneza?"

"Ni mimi."

Bella hakumtukana. Alishusha macho, akaitazama mikono ya Léoncie kwanza upande wa juu kisha viganja, kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa, akapita akaingia ndani.

Mchana ule Léoncie alikaa kwenye kitanda chake Musaga, karatasi iko magotini. Alitaka kujua kosa lake. Ni kitu alichofundishwa, kwamba mashine ikikuaibisha usiikimbie, kaa mbele yake mpaka useme umeelewa. Aliyafuata yale mawimbi mawili kwa ncha ya kalamu. Mawimbi mawili ni sehemu ya ishirini na tano ya sekunde. Picha ndogo sana. Mtu angeweza kusema mashine iliwekwa ikamate kipande hicho tu.

Ndipo alipotazama juu kabisa ya karatasi. Osiloskopu ile ilikuwa na desturi ya kuchora juu ya kila picha mstari mwembamba unaowakilisha kumbukumbu yote, na ndani yake mabano mawili yanayoonyesha dirisha limesimama wapi. Fotokopi ilikuwa imeufifisha, lakini ulikuwepo. Na mabano yalikuwa yamebanana mpaka yakawa kama alama moja, mbali upande wa kulia. Kushoto kwake mstari uliendelea, mrefu. Pembeni palikuwa na tarehe ya Ijumaa, saa tano na dakika arobaini na moja. Saa hiyo yeye alikuwa Jabe, mbele ya duka lililofungwa.

Kwa hiyo karatasi ilikuwepo. Printa ilifanya kazi. Na wakati karatasi hii inatoka, kumbukumbu ilikuwa bado nzima, sekunde zote kumi, na kila kukatika kwa umeme kulikuwa mle ndani. Massoudi alikaa kwenye kiti chake, akazungusha kitufe, akatembea kulia, akapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akatafuta mahali ambapo umeme unaonekana mzuri na kadi inaonekana mbaya. Akapaona. Akachapa. Kisha akaweka kidole kwenye kile kitufe ambacho alimkataza asikiguse, akakibonyeza.

Hakukosea. Alichagua.

Léoncie hakulia. Alijifunga shuka ijapokuwa lilikuwa jua kali la saa nane.

Kesho yake alipanda kwenda Mutanga Nord. Khadidja, mke wa Massoudi, alimpokea kwa furaha, akamletea chai ya maziwa na mandazi, akamuuliza habari za mama yake, maana mumewe hakuwa amemwambia lolote. Massoudi aliporudi na kumkuta kwenye kiti chake alisimama mlangoni. Alimtuma mkewe kwa jirani, akaketi.

Léoncie alifungua karatasi, akaweka kidole juu ya yale mabano. 

"Nilijua utayaona," alisema Massoudi. "Dokta hawezi. Lakini we nilijua."

"Juu ya nini, Mzee?"

Alieleza akiangalia sakafu. Kontakta mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya inverseri, mwezi wa Aprili, aliiunguza mwenyewe siku ya kwanza, kwa kukosea waya mmoja, yeye Massoudi wa redio za meli. Aliona aibu kusema. Alichukua nyingine kwenye mashine iliyokufa ya kiwanda cha sabuni, ambayo midomo yake ya kushikana ilikuwa imeliwa na moto, akaifunga mle ndani, akamwambia daktari ni ile mpya. Ilifanya kazi Mei, Juni, Julai.

"Mutoto alipokufa sikujua kama ni ile. Wallahi sikujua. Nilijua siku ile uliniita."

"Na ukanituma disketi."

"Léoncie, mi nilitoka Bwiza na watoto wane na sufuria moja. Nyumba hii si yangu. Wakinitoa kazini leo, kesho Khadidja yuko barabarani. Mi na umri huu nani atanichukua? We ni kijana. Uko na A2. Uko na mama na nyumba Musaga. Nilisema, we utaanguka, utasimama. Mi nikianguka, ni basi."

"Ungeniomba," alisema Léoncie. "Ungekuja ukaniambia, mwanangu nimekosa, nisaidie. Labda ningebeba, Mzee. Sijui, lakini labda. Haukuniomba. Uliniacha siku mbili najilaumu nafikiri nimekuwa mujinga. Ulinitazama nalaumu kidole changu!"

Massoudi alifunika uso kwa mikono.

"Na mutoto mwengine akiwekwa mule?"

"Nimeipiga tupa Jumamosi. Nimesafisha midomo yake. Inashika vizuri sasa."

"Kwa muda gani?"

Wote wawili walijua. Chuma kilicholiwa na moto ukikipiga tupa unakipunguza tu. Léoncie alisimama. Chai ilikuwa imetanda utando juu, hajaigusa.

Jumatano alirudi kliniki, akangoja saa mbili kwenye benchi la wagonjwa mpaka daktari akakubali kumsikiliza. Hakumweleza mambo ya volti. Alimwambia kontakta iliyomo ndani ya inverseri si mpya, akamwonyesha ule mstari na mabano yake.

"Dokta, mutu akikuletea picha ya radio, ile ya mifupa, ya kidole kimoja, kizuri, na mkono wote hajakuonyesha, utasema mkono haujavunjika? Hii ni kidole. Mkono ulikuwa mule ndani ya mashine. Umefutwa."

Daktari Namegabe aliinama juu ya karatasi, akavaa miwani, akaivua. Alimwita Massoudi, akaagiza umeme uzimwe na sanduku la inverseri lifunguliwe mbele yake. Kontakta ilitoka, nyeusi kwa masizi ya zamani, na kwenye midomo yake alama mpya za tupa ziking'aa. Juu ya mwili wake palikuwa bado na namba ya rangi nyekundu ya kiwanda cha sabuni.

"Hii ndiyo mupya uliyonunua?" aliuliza daktari.

Massoudi alisema, "Apana."

Léoncie alidhani yamekwisha. Waliporudi ofisini, yeye na daktari, daktari alirarua barua ya Jumatatu vipande vinne. Alisema kontakta mpya itatafutwa wiki hiyo hiyo, na mpaka hapo kuvezi ile haitaingia wodini. Alisema Léoncie arudi kazini kesho. Kuhusu Massoudi, atapewa onyo la maandishi. Kumfukuza hawezi, maana ni yeye peke yake anayeijua jenereta ile, na bila jenereta chumba cha upasuaji kinafungwa.

"Na mama ya mutoto?" aliuliza Léoncie.

Daktari alikusanya vile vipande vya barua. "Ameshaambiwa ni kadi. Mutoto harudi. Nikimwita leo nimwambie tulidanganyana hapa ndani, ni mahakama, ni redio, kliniki inafungwa. Wanawake wa Jabe watazalia wapi, mu vita hii? Tuache kidonda kipone."

"Kwa hiyo kwake mi ndiye nilimuua."

"Sikutaja jina. Nilisema fundi."

"Fundi ni mimi. Aliniuliza getini, nikamwambia ni mimi."

"Léoncie, nimekurudishia kazi."

Alimtazama daktari, mtu aliyemheshimu, na akaona kitu alichokwisha kukiona jana yake Mutanga Nord. Huyu naye alikuwa anazungusha kitufe, anatafuta mahali ambapo picha inamfaa. Aliomba koti lake la kazi, akalikunja akaliweka mezani, akasema hatarudi, akaaga.

Nyumba ya Bella haikuwa mbali. Ilikuwa imejaa watu wa msiba, mikeka imetandikwa uani. Bella alipomwona alisimama, na mwanamume mmoja, kaka yake Claude, akasogea mbele. Léoncie aliomba dakika chache tu. Walimpa kigoda. Alieleza tangu mwanzo, kwa Kirundi na Kiswahili, kila mtu anasikia: kontakta iliyoungua, ile ya kiwanda cha sabuni, Ijumaa, karatasi, tupa. Alitoa na karatasi, lakini Bella hakuitazama.

"Nani alijua?" aliuliza Bella.

"Massoudi alijua Ijumaa. Mi nilijua Jumatatu, mchana. Dokta amejua leo."

"Na mi ndiye wa mwisho."

"Ndiyo."

"Na kama haungekuja?"

 Bella alikaa chini kwenye mkeka, akavuta kitenge.

"Asante kwa kuja," alisema. "Sasa enda, tafadhali. Siwezi kukutazama bado."

Bella na Claude walikwenda kliniki siku iliyofuata, na wakakaa ofisini mpaka daktari akawaeleza mwenyewe kwa mdomo wake. Hawakwenda mahakamani. Mahakama za wakati ule zilikuwa na maiti wengi mbele yao. Walichotaka ni karatasi yenye sahihi inayosema kosa halikuwa la fundi wa kadi, na waliipata, na Claude aliileta nakala Musaga bila kuingia ndani. Inverseri ilifungiwa kontakta mpya. Massoudi alibaki na kazi yake na nyumba yake.

Léoncie alipata nafasi kwa Shakuru, mwenye duka la kutengeneza redio na televisheni pale Jabe. Hapakuwa na osiloskopu, ilikuwa mita ya sindano na pua ya kunusia kilichoungua. Alifanya kazi vizuri. Lakini Shakuru aligundua kwamba kila akimwambia neno kuhusu kazi, hata dogo, hata la kweli, yule binti alitikisa kichwa kwa adabu kisha akaenda kulihakikisha mwenyewe, mara mbili.

Mwezi wa Februari Massoudi aliingia dukani amebeba redio ya kaseti ndani ya mfuko. Angeweza kuitengeneza mwenyewe kwa macho yaliyofumbwa. Alisalimu, na Léoncie akaitikia, akamuuliza redio ina shida gani kama anavyomuuliza mteja yeyote. Massoudi akasema haishiki stesheni. Akakaa kwenye benchi. Léoncie aliifungua, akakuta waya mmoja umekatwa, umekatwa kwa koleo, mkato safi. Akauchomelea, akafunga skrubu nne, akamrudishia. Massoudi alifungua kinywa, akangoja, akakifunga. Aliaga akatoka.

Léoncie alikwenda nyuma ya duka penye ndoo ya maji, akanawa mikono muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Huyu muzee akikuja tena," alimwambia Shakuru, "mupokee we."